Jeni Zinazosafiri Pamoja: Kromosomu Zilizogeuka Katika Maua ya Mwituni

Kuna ua la njano la magharibi mwa Amerika Kaskazini ambalo mimi ningelipa kipindi kizima katika somo lolote la mageuko. Jina lake la kitaalamu ni Mimulus guttatus. Siku hizi wapo wanaoliita Erythranthe guttata, na ugomvi wa majina hayo nawaachia wenyewe. Huota penye majimaji: kandokando ya vijito, kwenye chemchemi, kwenye miamba inayochuruzika. Ukilikuta kwenye majabali ya pwani ya California au Oregon, ni mmea mnene wa kudumu, unatambaa, unatoa machipukizi ya pembeni, wala hauna haraka ya kuchanua. Ukiingia bara, huko ambako mvua ya majira ya baridi hukatika na ardhi kukauka kabisa kiangazi kinapoanza, unakutana na spishi ileile ikiishi maisha mengine: kimmea chembamba kinachochipua, kuchanua, kutoa mbegu na kufa ndani ya msimu mmoja.

Tofauti hiyo haitokani na udongo wala hali ya hewa peke yake. Otesha mbegu za aina zote mbili katika banda moja, kwa udongo mmoja na maji yaleyale, na bado kila moja itashika desturi ya kwao. Kwa hiyo imo ndani ya jeni.

Hapo ndipo swali linapokuwa gumu kuliko linavyoonekana. Kuishi mwaka mmoja si sifa moja. Ni sifa nyingi kwa pamoja: lini uchanue, nguvu kiasi gani uziweke kwenye machipukizi, shina linenepe kiasi gani, ua liwe na ukubwa upi. Mmea wenye haraka ya bara na unene wa pwani hauna faida pwani wala bara. Na aina hizi mbili zikikutanishwa huzaliana. Nyuki hawaulizi chavua imetoka wapi. Uzazi wa namna hii ni kuchanga karata: kila kizazi zinavurugwa na kugawiwa upya. Sasa karata nzuri zilizowahi kukutana mkononi, zile ambazo uteuzi asilia umezipendelea kwa vizazi na vizazi, zinabakije pamoja?

Mwaka 2010 David Lowry na John Willis, wakiwa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya jibu iko kwenye kromosomu ya 8. Kipande kirefu cha kromosomu hiyo, chenye mamia ya jeni, kimegeuka. Mimea ya mwaka mmoja inacho kikiwa kimeelekea upande mmoja, mimea ya kudumu inacho kikiwa kimeelekea upande wa pili. Na jambo hilo halikuwa la mabonde mawili matatu. Walipopima mimea kutoka eneo pana la magharibi mwa Amerika Kaskazini waliukuta mgawanyo uleule, hata kwa mimea ya kudumu inayoishi mbali na bahari.

Wangeweza kuishia hapo, na wengi huishia hapo. Wao walikwenda mbele. Walizalisha machotara, wakawarudisha kwa mzazi mmoja kizazi baada ya kizazi, mpaka wakapata mmea wa bara uliobeba kipande cha pwani na mmea wa pwani uliobeba kipande cha bara, huku jenomu iliyobaki, yaani DNA yake nyingine yote, ikiwa karibu ileile ya wenyeji. Kisha wakaipanda mimea hiyo nje, pwani na bara, ikapambane na jua na ukungu. Kipande hicho peke yake kilisogeza tarehe ya kuchanua, kikabadilisha umbo la mmea, na kikaathiri ni mimea ipi inafanikiwa wapi. Kwangu mimi utafiti huo ndio kipimo. Kila ninaposoma dai jipya la kipande kilichogeuka kinachosaidia mmea kuzoea mazingira, huuliza kwanza kama kuna mtu aliyechukua kipande hicho, akakipeleka ugenini, akakipanda.

Tuangalie kinachotokea ndani. Chukua kromosomu yenye jeni A, B, C, D, E na F kwa mpangilio huo. Ikatike mahali pawili, kati ya A na B na kati ya E na F, kisha seli inapounga upya, kile kipande cha katikati kirudi kikiwa kimegeuzwa. Sasa mpangilio ni A, E, D, C, B, F. Hakuna jeni iliyopotea wala iliyoongezeka. Kama mikato haikupita katikati ya jeni yenyewe, wala haikuitenganisha na DNA inayoiwasha na kuizima, mmea huenda usihisi chochote.

Kishindo kinakuja wakati wa meiosisi, mgawanyiko wa seli unaotengeneza chavua na mayai. Hapo kromosomu ya baba na ya mama hulala sambamba, hukatika na kubadilishana vipande. Mmea wenye nakala mbili za mpangilio wa zamani hubadilishana bila taabu. Wenye nakala mbili za mpangilio mpya nao hauna taabu. Taabu ni ya chotara mwenye moja ya kila aina. Ili jeni zikutane na wenzake, kromosomu moja hulazimika kujikunja kitanzi, na mbadilishano mmoja ukitokea ndani ya kitanzi hicho, matokeo ni mabovu: kromosomu yenye sentromia (mahali inaposhikiwa ivutwe) mbili inayovutwa huku na huku hadi kukatika, au isiyo na sentromia hata moja inayopotea njiani, au iliyorudufu upande mmoja na kupungukiwa upande mwingine. Chavua iliyorithi uchafu huo haifiki mbali. Mara nyingine kromosomu hizo hata hazihangaiki kujikunja. Sehemu ile haishikani kabisa, na mbadilishano haufanyiki.

Kwa njia yoyote ile, watoto wanaozaliwa wakiwa hai huwa wamepokea kipande kizima cha upande mmoja au kizima cha upande mwingine. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hauonekani. Ndivyo Lowry na Willis walivyokitambua kipande chao: mbadilishano ulikuwepo walipozalisha bara kwa bara, ulikuwepo walipozalisha pwani kwa pwani, na ulitoweka walipozalisha bara kwa pwani.

Kwa miaka mingi wataalamu wa mimea waliitazama hali hii kama hasara tu. Na walikuwa na sababu. Alfred Sturtevant aligundua mgeuko wa kromosomu katika inzi wa matunda mwaka 1921 kwa kulinganisha mpangilio wa jeni wa spishi mbili, na Theodosius Dobzhansky baadaye akajenga sehemu kubwa ya kazi yake juu ya migeuko ya inzi wa porini. Inzi walikuwa na bahati: kromosomu za tezi za mate za buu wao ni kubwa kupita kiasi na zina mistari, hivyo mgeuko unauona kwa macho kwenye darubini. Mimea haina anasa hiyo. Barbara McClintock aliweza kuviona vitanzi hivyo kwenye mahindi katika miaka ya 1930, lakini yeye alikuwa na jicho ambalo watu bado wanalisimulia, na mahindi ni mmea wa shambani wenye kromosomu zinazotazamika. Kwa ua dogo la mwituni, kilichoonekana kwa urahisi ni chavua iliyokufa. Basi hadithi ikabaki ya chavua iliyokufa.

Walionigeuza mawazo si wataalamu wa maua hata kidogo, na hoja yenyewe ni ya hesabu. Mwaka 2006 Mark Kirkpatrick na Nick Barton walionyesha hivi: tuseme kuna mahali ambapo aina fulani za jeni mbili au zaidi zinafaa, na chavua kutoka nje inaendelea kuleta aina zisizofaa. Mgeuko ukitokea kwa bahati kwenye kromosomu iliyobeba aina zote zinazofaa, utaenea. Hauhitaji kuleta jeni mpya. Hauhitaji jeni hizo kusaidiana kwa namna ya ajabu. Faida yake yote ni kwamba watoto wa kromosomu hiyo hawachanganywi na za wageni. Tazama pia sharti lililojificha humo: kama hakuna chavua ya nje inayoingia, mgeuko hauna kazi. Kwa hiyo tunapaswa kuikuta migeuko zaidi pale ambapo mimea inapishana makazi na bado inaendelea kuzaliana.

Na huko ndiko inakopatikana. Katika jimbo la Colorado, Marekani, kuna hifadhi ya taifa ya Great Sand Dunes, yenye matuta ya mchanga yaliyo marefu kuliko yote Amerika Kaskazini. Alizeti mwitu wa spishi ya Helianthus petiolaris anaota juu ya matuta hayo, na pia anaota kwenye tambarare ya mchanga yenye nyasi inayoyazunguka. Mchanga wa matutani unahama, unafukia miche, na una rutuba kidogo mno. Alizeti wa matutani wana mbegu kubwa kuliko majirani zao, na akiba hiyo ndiyo inayousukuma mche kutoka chini ya mchanga. Umbali kati ya makundi hayo mawili nyuki anauruka bila kufikiri. Chavua inavuka, jenomu kwa sehemu kubwa imechanganyika, isipokuwa katika vipande kadhaa vikubwa ambamo alizeti wa matuta na wa tambarare wanatofautiana sana. Vipande hivyo ni migeuko.

Utafiti mpana uliolifungua jambo hili ulitoka mwaka 2020, ukiongozwa na Marco Todesco katika maabara ya Loren Rieseberg, Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Walisoma DNA ya alizeti mwitu 1,506 wa spishi tatu, wakapata bloku kubwa 37 ambazo jeni zake zinasafiri pamoja, kuanzia besi (herufi za DNA) milioni 1 hadi milioni 100. Nyingi zilihusiana na udongo, hali ya hewa, ukubwa wa mbegu au tarehe ya kuchanua. Mfano ninaoupenda ni wa Helianthus argophyllus, alizeti wa Texas mwenye majani ya rangi ya fedha. Wapo wanaochanua mapema, kwenye visiwa vya mchanga vya pwani, na wapo wanaochelewa. Bloku moja, yenye jeni ya familia ile inayoamuru mimea kuchanua, inahusishwa na tofauti ya siku 77. Miezi miwili na nusu! Mimea miwili inayopishana hivyo haiwezi kuchavushana hata ikiota bega kwa bega. Kipande kilichoanza kwa kuulinda mchanganyiko wa jeni dhidi ya chavua ya nje kimegeuka kuwa sababu ya chavua hiyo kutofika.

Namna wanavyoviona vipande hivi leo ni ya kupendeza, na haihitaji darubini. Ukiipanga mimea kwenye mchoro kwa kufuata tofauti za DNA katika sehemu ya kawaida ya jenomu, nukta hutawanyika kidogokidogo, mara nyingi kufuata jiografia. Fanya hivyohivyo kwa kipande kilichogeuka, na nukta zitajikusanya mafungu matatu: wenye nakala mbili za mpangilio huu, wenye nakala mbili za mpangilio ule, na machotara wakiwa katikati kabisa. Mafungu matatu katika sehemu moja ya jenomu yenye urefu wa mamilioni ya besi ni ushahidi unaomfanya mtu aanze kuushuku mgeuko kabla hajasoma mstari wa pili wa makala. Kuthibitisha ni kazi nyingine, inayotaka kusoma nyuzi ndefu za DNA zinazovuka mahali pa mkato.

Nimekaa sana kwenye migeuko, na ipo mipangilio mingine. Wa ajabu kuliko yote ni wa Oenothera, mmea wenye maua ya njano yanayofunguka jioni. Mwaka 1886 Hugo de Vries, mtaalamu wa mimea, aliukuta umejiotea katika shamba la viazi lililotelekezwa karibu na Hilversum, Uholanzi. Aliupanda bustanini, na mara kwa mara mbegu zake zilitoa mimea isiyofanana na mzazi: mikubwa, mifupi, yenye majani ya namna nyingine. Kuanzia 1901 akatangaza nadharia kwamba spishi mpya huzaliwa ghafla, kwa mruko mmoja. Nadharia hiyo ilipata wafuasi wengi, na kwa muda iliisukuma kando hoja ya Darwin ya mabadiliko ya polepole.

Mmea ulikuwa na siri yake. Oenothera ana kromosomu 14, ambazo kwa kawaida zingekuwa jozi 7. Lakini katika historia yake ncha za kromosomu zimehamishiana: mkono wa moja umekaa kwa nyingine, wa nyingine kwa ya tatu, na kuendelea. Wakati wa meiosisi hakuna jozi safi. Kila ncha inamtafuta mwenzake, na kromosomu zinaungana ncha kwa ncha mpaka zinatengeneza duara. Ralph Cleland alianza kueleza maduara hayo katika miaka ya 1920, na Otto Renner, Mjerumani, akawa amekwisha kuonyesha kwa uzalishaji kwamba jeni za mmea huo hurithiwa kwa makundi mawili makubwa. Katika spishi kama Oenothera biennis, kromosomu zote 14 zinaweza kuwa katika duara moja. Duara linapogawanyika, kromosomu zinaachana moja hivi, moja vile, kwa kupokezana, na kila upande unapata seti yake ya 7, ileile kila kizazi. Yaani jenomu nzima inarithiwa kama kipande kimoja.

Halafu inakuja sehemu ya kikatili. Kila seti imebeba jeni inayoua. Katika baadhi ya spishi, mbegu iliyopokea seti mbili zinazofanana haikui, na karibu nusu ya mbegu huwa tupu. Katika nyingine seti moja hupitia kwenye chavua tu na ya pili hupitia kwenye yai tu. Vyovyote vile wanaoishi ni machotara peke yao, na mmea unaojichavusha unatoa watoto wanaofanana nao. Ni chotara wa kudumu. Mengi ya yale aliyoyaona de Vries kama spishi zinazozaliwa ghafla yalikuwa matokeo ya duara hilo kuteleza, au ya hesabu ya kromosomu kubadilika. Lile jitu lake maarufu, gigas, lilikutwa lina kromosomu 28. Sioni sababu ya kumcheka. Alichagua mmea mmoja katika mimea yote, na ukawa ule usiofuata kanuni.

Kinachonishangaza kwa Oenothera ni kwamba mimea hii imestawi. Imeenea kandokando ya barabara, kwenye vifusi na ardhi iliyochimbuliwa, ikazagaa kutoka Amerika hadi mabara mengine. Kitabu cha kawaida kingekwambia mmea usiochanganya jeni zake umejifunga mwenyewe. Labda ni kweli kwa muda mrefu ujao. Lakini mmea unaotawala ardhi iliyovurugwa unafaidika kwa kurudia mchanganyiko uliokwisha kufanya kazi, tena ukiwa na aina mbili za jeni katika sehemu nyingi.

Tahadhari moja hapa, kwa sababu siku hizi kila kundi la jeni linalorithiwa pamoja linaitwa mgeuko hata kabla ya kuchunguzwa. Primula, ua lililomshughulisha Charles Darwin, ambaye alichapisha maelezo yake mwaka 1862, lina mimea ya aina mbili: wenye mtindi (kijiti cha sehemu ya kike ya ua) mrefu na stameni (sehemu za kiume zenye chavua) fupi, na wenye mtindi mfupi na stameni zilizokaa juu. Sifa hizo hurithiwa pamoja. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kuna mipangilio miwili ya jeni zilezile ambayo haiwezi kubadilishana. Mwaka 2016 DNA ya Primula vulgaris ilipochambuliwa vizuri, ikaonekana kwamba aina moja ina kipande cha besi kama 278,000, chenye jeni 5, ambacho aina ya pili haina kabisa. Hakuna mbadilishano kwa sababu hakuna cha kubadilishana nacho. Matokeo yanafanana na ya mgeuko, njia ni nyingine.

Turudi kwenye chavua iliyokufa, kwa maana nayo ina kazi yake. Mimulus lewisii wa milimani ana maua ya waridi yanayotembelewa na nyuki wakubwa wenye manyoya. Mimulus cardinalis wa chini zaidi ana maua mekundu yanayotembelewa na ndege wadogo wanaoelea hewani wakifyonza mbochi. Chotara wao ana afya njema, ila chavua yake nyingi ni mbovu. Je, kosa ni la jeni zisizopatana, au ni la kromosomu zilizopangwa tofauti? Angela Stathos na Lila Fishman walilijibu mwaka 2014 kwa jaribio ninaloliona zuri mno. Walitumia kemikali iitwayo kolkisini kuirudufu idadi ya kromosomu za chotara. Sasa kila kromosomu ina mwenzake anayefanana naye kabisa wa kushikana naye, ilhali jeni ni zilezile. Uzazi ukarudi. Kama lingekuwa kosa la jeni, kurudufu kusingesaidia kitu. Kwa hiyo mpangilio wenyewe, bila jeni yoyote mbaya, unaweza kujenga ukuta kati ya spishi.

Harlan Lewis, mtaalamu wa mimea, alikuwa amelishuku jambo hili tangu zamani. Katika bonde la mto Merced, California, aliichunguza Clarkia biloba, yenye jozi 8 za kromosomu na petali zilizopasuka ncha mbili, na jirani yake Clarkia lingulata, yenye jozi 9 na petali zisizopasuka, inayoota mahali padogo tu kwenye ukingo wa kusini wa eneo la mwenzake. Kromosomu ya ziada imeundwa kwa vipande vya zile za zamani. Mwaka 1962 Lewis alitoa wazo kwamba ukame mkali ukiua karibu kila mmea pembezoni, wachache wanaosalia wanaweza kuwa na mpangilio mpya ambao katika kundi kubwa ungezimwa. Naliona wazo hilo ni zuri kwa mimea ya mwaka mmoja, ambayo mvua ikikosa kundi zima huweza kuteketea. Ninalolikataa ni kishawishi cha kueleza kila kitu kwa msiba mmoja. Kupungua kwa idadi kunaeleza jinsi mpangilio mpya ulivyopenya, hakuelezi kwa nini mmea unafaa pale ulipo.

Alizeti wanaonyesha pande zote mbili kwa pamoja, mpangilio kama ukuta na mpangilio katika kuzaliwa kwa spishi mpya. Helianthus annuus na Helianthus petiolaris wametengana kwa mipangilio isiyopungua 10, na chotara wao wa kwanza ana chavua dhaifu. Hata hivyo kwa muda mrefu imeelezwa kwamba ndoa zao zimezaa spishi tatu zilizosimama zenyewe, kila moja mahali ambapo wazazi hawakai: Helianthus anomalus kwenye matuta ya mchanga, Helianthus deserticola jangwani, Helianthus paradoxus kwenye vinamasi vya chumvi. Rieseberg na wenzake walizalisha upya machotara kwa mistari mitatu iliyotengana, na baada ya vizazi vichache jenomu za mistari hiyo zilikuwa zimeelekea kufanana, na kufanana pia na anomalus wa porini. Mpangilio wa kromosomu ulikuwa umeamua mapema vipande vipi vya wazazi vinaweza kukaa pamoja na vipi haviwezi.

Kuhusu umri wa mipangilio hii, usidhani yote ni ya kale. Katika Boechera stricta, mmea mdogo wa familia ya haradali wa milima ya Rocky, kundi la Tom Mitchell-Olds lilieleza mwaka 2017 mgeuko wenye umri wa miaka elfu chache tu, uliokusanya jeni kadhaa zinazogusa wakati wa kuchanua, tena katika ukanda ambao makundi mawili ya mmea huo yanakutana na kuzaliana.

Mpangilio mpya una gharama pia. Kipande kisichochanganywa hukusanya makosa, kwa kuwa jeni mbovu haiwezi kutenganishwa na nzuri iliyo jirani. Kinachookoa hali ni kwamba pale mpangilio unapotawala, mimea mingi ina nakala mbili zinazofanana, na hizo hubadilishana kama kawaida.

Hapa nafika kwenye jambo linalonisumbua kuliko yote katika uwanja huu. Ili kujua jeni ipi inaleta sifa ipi, mtafiti hutegemea mbadilishano: anaangalia watoto waliopokea kipande kidogo cha huku na kidogo cha kule, akabana, akabana, mpaka akaifikia jeni. Ndani ya mgeuko watoto hao hawazaliwi. Sababu ileile inayomsaidia mmea kuzishika jeni zake pamoja inatuzuia sisi kuzitenganisha. Katika Mimulus kidole kimeelekezwa kwa jeni iitwayo GA20ox2, inayohusika na utengenezaji wa jiberelini, homoni ya kurefusha shina na kuchochea kuchanua. Inaingia akilini. Lakini mamia ya majirani zake wamo kwenye kipande hichohicho, na kila mmoja anaonekana ana hatia sawa. Na nadharia ya Kirkpatrick na Barton inataka jeni mbili au zaidi. Ikithibitika kwamba jeni moja inafanya kazi yote, basi mgeuko ulienea kwa sababu nyingine, na hadithi tuliyoipenda itabidi iandikwe upya kwa spishi hiyo.

Mlango umeanza kufunguka kwa njia ya mkato. Mwaka 2020 kundi la Holger Puchta huko Karlsruhe, Ujerumani, lilitumia CRISPR, mbinu ya kukata DNA mahali palipochaguliwa, kukigeuza kipande cha besi milioni 1.17 kwenye kromosomu ya 4 ya Arabidopsis, mmea mdogo wa maabara, kipande ambacho tayari kilikuwa kimegeuka katika baadhi ya mimea ya spishi hiyo. Walipokirudisha kwenye mpangilio wa wenzake, mbadilishano ulirudi mahali ambapo haukuwepo. Jaribio ninalolitamani ni hilohilo kwa ua la njano la pwani: mpangilio wa kromosomu ya 8 urudishwe uelekee upande wa bara bila kuhamisha jeni hata moja, mimea hiyo ichanganywe na ya bara, na watoto wao, ambao sasa wanaweza kupokea vipande vya nusu kwa nusu, wapandwe penye ukungu na penye ukame, halafu tuhesabu ni vipande vipi vinarudi na mbegu.